Mfongo na Swali la Kumi na Tisa

Baba yangu mkubwa alikuwa na jembe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulilimia. Lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, mpini wake umelainika kwa viganja vya watu waliokufa kabla sijazaliwa, na lilitoka siku za mfongo tu. Mfongo ni mfereji wetu wa maji. Mababu waliuchimba kutoka mtoni, juu kabisa karibu na msitu, wakauzungusha kwenye kingo za mlima mpaka ukafika kwenye vihamba vyetu, yale mashamba ya nyumbani yenye migomba juu na kahawa chini yake. Siku ya kuuzibua pembe ililia alfajiri, na wanaume wa ukoo wakapanda na majembe begani. Asiyekwenda alitoa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, au mbuzi, na akikaidi, zamu yake ya maji ilikwenda kwa jirani.

Wanawake hatukwenda. Ulikuwa mwiko. Mwanamke hakanyagi banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kwa sababu maji yangechukia yakarudi mtoni. Nilipokuwa na miaka kama minane niliwafuata kwa kujificha nyuma ya migomba. Baba mkubwa aligeuka, akaninyooshea kidole kimoja tu, nami nikarudi nyumbani kununa. Nilinuna siku mbili nzima. Kununa nilikujua mapema.

Yeye ndiye alikuwa mkuu wa mfongo. Ndiye aliyepanga zamu, aliyesuluhisha ugomvi, aliyejua kila mahali ambapo panya fuko hutoboa ukingo. Ndiye pia aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, na kahawa iliyonipeleka shule ilinyweshwa kwa maji yale. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asije akadhani sikujua mfongo ule ulikuwa nini. Nilijua vizuri sana.

Nilipomaliza chuo, nikiwa na shahada ya uchumi na viatu vya mtumba vilivyonibana, nchi ilikuwa imeingia kwenye soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda mlimani na pikapu kununua kahawa, bei ikipanda leo na kushuka kesho, na watu waliokata tamaa waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Huko chini Chekereni wakulima wa mpunga walilalamika kwamba maji hayawafikii. Watu wa mlimani mnayafunga, walisema. Watu wa mlimani wakajibu kwamba mto unaanzia kwao. Ndipo ukaja mradi wa utafiti uliotaka kujua thamani ya maji kwa kila upande, ili yagawanywe kwa busara. Nikaajiriwa kuwa mdodosaji, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali.

Nilijiona nimefika. Nilipanga chumba mjini, mtaa wa Majengo, nikanunua mkoba wa ngozi ya bandia, nikajifunza kusema "maendeleo endelevu". Nililipenda neno lile jipya hata nikalitamka pasipohitajika. Nilimwambia mama mkubwa kwamba samadi ya ng'ombe wake ni maendeleo endelevu, naye akaniuliza kama huo ni ugonjwa na kama unaambukiza.

Mtaalamu mkuu wa mradi alikuwa mtu wa mbali, mpole, mwenye nia njema. Sitaki kumsingizia. Alitufundisha kwa siku tano katika ukumbi mjini, akirudia kwamba kitu kisichojulikana thamani yake hupotea bure. Hata leo naamini alisema kweli. Moyo wa dodoso lile ulikuwa swali la kumi na tisa: "Je, kaya yako iko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi ili maji ya mfereji yaendelee kufika shambani?" Mtu akisema hayuko tayari kulipa chochote, mdodosaji aliandika sifuri na kuweka alama kwenye sababu moja kati ya tatu. Moja, hana uwezo. Mbili, haoni faida. Tatu, sababu nyingine, eleza. Hapo kwenye kueleza palikuwa na mistari miwili mitupu.

Chekereni kazi ilikwenda kama maji, nisamehewe msemo huo. Wakulima wa mpunga walishazoea kulipia maji ya skimu yao, hivyo waliniambia kiasi kabla sijamaliza kusoma swali, na wengine walipandisha wenyewe ili serikali isikie shida yao. Kisha tukapanda mlimani, nami nikaomba nipewe kijiji chetu. Msimamizi wetu, kijana msomi wa mjini aliyekuwa na haraka ya maisha, alifurahi. Alisema mtoto wa nyumbani hafichwi kitu.

Nilianzia kwa baba mkubwa, kama ilivyopasa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na karatasi badala ya sukari."

"Sukari ipo kwenye mkoba."

"Basi karatasi nayo ikaribie."

Alinijibu yote kwa subira: idadi ya migomba, ya ng'ombe, ya watoto. Alijibu akiwa amekaa wima kama yuko mbele ya hakimu. Kisha nikamsomea la kumi na tisa.

"Kulipia nini?"

"Maji ya mfongo."

"Kwani nani anayauza?"

"Hakuna anayeuza, baba mkubwa. Ni kudhania tu."

"Mimi mzee mzima, nidhanie kwamba nanunua maji ya baba yangu?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Andika hivi. Maji ya mfongo hayalipiwi hela. Yanalipiwa jembe. Mimi nimeyalipia tangu ndevu zinaota, na baba yangu kabla yangu. Siku mtu akiyalipia hela, hatakuja tena kuzibua. Atasema nimeshalipa. Na mfongo usiozibuliwa unakufa. Umeandika?"

Niliandika. Niliweka sifuri, nikatia alama kwenye tatu, nikaandika maneno yake kwa herufi ndogo hadi zikatoka kwenye ile mistari miwili na kupanda pembezoni. Wiki ile yote nilizunguka kijijini nikapata jibu lilelile kwa midomo tofauti. Mjane wa jirani aliniambia mwanawe ndiye jembe lake. Fundi seremala alisema afadhali alipe mbege, angalau mbege mtu anainywa.

Msimamizi aliyapokea madodoso yangu, akayapekua, uso ukamkunjamana.

"Dada, hizi ni insha," alisema. "Kompyuta haisomi insha. Hiyo tatu ni ya mtu mmojammoja mwenye mambo yake, siyo kijiji kizima. Kabla ya Ijumaa nirudishie moja au mbili."

Ningeweza kubishana. Ningeweza kwenda kwa mtaalamu mkuu, aliyekuwa chumba cha pili tu, nikamwambia swali lake lina kasoro. Nadhani angenisikiliza. Lakini nilikuwa msichana mwenye kazi mpya, na niliogopa kuonekana sijui kazi. Nikapanda tena mlimani.

"Baba mkubwa, ile sababu yako ni ndefu. Wanataka fupi. Niandike labda kwamba huna uwezo?"

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisimama.

"Sina uwezo? Mimi? Wewe nimekusomesha kwa mawe? Nyumba hii ya bati nimejenga kwa kuomba kanisani? Usithubutu kuniandika maskini, tena kwa mkono wako. Watu wa Chekereni wasome kwamba fulani hana uwezo!"

Asiyewajua watu wa kwetu atadhani alikuwa anatia chumvi. Hakutia. Mchagga atakopa sare ya harusi ya mtoto wake, lakini hataki karatasi iseme alikopa. Umaskini kwetu ulikuwa kama uchi. Hata mjane yule, aliyekuwa na kuku watatu na bati linalovuja, angenitupia kigoda. Nilimwomba radhi baba mkubwa, nikanywa maziwa aliyonipa mama mkubwa, nikashuka. Ile namba mbili sikumsomea. Nilijua angesema nini.

Kesho yake asubuhi nilikaa barazani Majengo na rundo la madodoso na penseli yenye ufutio. Mama mwenye nyumba, mtu wa mjini hasa, mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akichambua mchele pembeni. Nilifuta maneno ya baba mkubwa, nikafuta ya mjane, nikafuta ya seremala, na kila nilipofuta nilihamisha alama kwenda namba mbili. Haoni faida. Haoni faida. Haoni faida.

"Mwanangu," mama mwenye nyumba akasema, "hiyo penseli yako mbona inafanya kazi zaidi kwa makalio kuliko kwa mdomo?"

Nilicheka. Nilimwambia ni kazi ya ofisi tu. Na ninaapa, moyoni nilijiona nimetenda wema. Niliona nimewasitiri watu wangu wasiandikwe maskini. Kijiji kizima nilikipa heshima yake kwa kuweka alama mbaya kuliko zote.

Msimamizi alinisifu kwa kazi safi. Mkataba wangu ukaongezwa.

Ripoti ilitoka baada ya muda mrefu kiasi cha kunisahaulisha. Nilikuwa sasa nimepata nafasi ya kudumu katika ofisi iliyoshughulikia mambo hayo pale mjini, na nilitumwa pamoja na maofisa kwenda kijijini kwetu kwenye mkutano, nikiwa mkalimani kwa wazee wasiosikia Kiswahili vizuri. Tulikutana kwenye uwanja wa shule. Nilikaa meza kuu, nyuma ya chupa za soda. Baba mkubwa alikaa benchi la mbele amevaa koti lake la kanisani.

Afisa wa maji alieleza mpango. Mifongo isiyo na hati ya maji itapunguziwa. Banio letu litawekwa lango la chuma lenye kufuli, na maji yatafunguliwa siku mbili kwa wiki. Siku nyingine yataachwa mtoni yateremke kwenye mpunga, ambako yana tija zaidi. Watu wakaguna. Seremala akauliza nani ameamua. Afisa hakuwa mtu mkorofi. Alifungua ripoti, akatafuta ukurasa.

"Ndugu zangu, hili siyo neno langu. Mliulizwa majumbani kwenu. Karibu kaya zote za hapa zilisema zenyewe kwamba haziko tayari kugharamia maji haya kwa sababu hazioni faida yake."

Kisha baba mkubwa akasimama.

"Nani alisema?"

"Wakuu wa kaya, mzee."

Hakumjibu afisa. Alinigeukia mimi. Usoni mwake hapakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Alikuwa na sura ya mtu ambaye shahidi wake yupo, hana sababu ya kuhangaika.

"Mwanangu," alisema, "wewe ulikuwepo. Waambie tulivyosema."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na maneno yake yote kichwani, neno kwa neno. Ufutio haukuyafikia huko. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu na kusema kwamba karatasi zile ziliandikwa na mimi, na kwamba niliandika uongo. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria uso wa mkuu wangu wa ofisi. Nikasema, kwa sauti ya kiofisi ambayo nilikuwa nimejifunza mjini, "Baba mkubwa, ripoti ni ya wataalamu. Maoni yenu tumeyapokea, yatafanyiwa kazi."

Alinitazama kidogo zaidi. "Aika," akasema. Asante. Akakaa.

Ningekuwa na moyo ningelia palepale. Badala yake nilifungua soda.

Lango la chuma likaja, na ufunguo ukakaa kwa mtu wa mjini. Mwanzoni siku mbili zilikuwa siku mbili kweli. Halafu vijana wakaanza kukosa siku ya mfongo. Walisema hawawezi kupanda mlima kuzibua maji ya siku mbili, na ukiwapiga faini ya mbege wanakucheka, maana ndizi za kupikia hiyo mbege ziko wapi. Udongo ukajaa mferejini. Magimbi yaliyoota kingoni yakanyauka kwanza, kisha migomba ikaanza kutoa mikungu midogo ya kutia aibu, na mibuni ya kihamba chetu ikabaki vijiti. Mwishowe hata lango lilipofunguliwa maji yaliishia njiani. Kaya kadhaa zilihamia Sanya Juu kutafuta mashamba ya kukodi.

Najua kujitetea, nimesomea. Mvua zilipungua miaka ile. Msitu ulikatwa. Bei ya kahawa iliwachosha watu kabla ya lango. Kingekuwa kikao cha kitaaluma ningewapangia sababu hizo vizuri na kila moja ingekuwa ya kweli. Lakini sababu ile iliyosomwa hadharani, mbele ya watu wangu, niliiweka mimi kwa penseli.

Kwetu kila Desemba watu hurudi mlimani, hata aliye mbali vipi. Nilirudi na mimi, kila mwaka, na sukari, mchele, vitenge vya mama mkubwa. Tuliongea habari za watoto, za paroko mpya, za bei ya saruji. Habari ya maji haikuguswa. Baba mkubwa hakunisema hata mara moja, nami nikawa najipa moyo kwamba amesahau. Mtu mzima unaweza kujidanganya kwa jambo dogo kama kunyamaziwa. Majuto ni mjukuu, husemwa; wangu alikuwa ameshakua, akawa anakaa nami mezani.

Desemba moja nilimkuta amekonda, mkongojo mkononi, na nikaona kwamba muda umeanza kuniishia. Asubuhi baada ya Krismasi nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba nikakata isale. Ni mmea wetu wa mipakani, wenye majani marefu ya kijani. Kwa mila yetu mtu akikukosea akakuletea isale, huwezi kumfukuza. Hata kama ameua, utampokea na kumsikiliza. Nililishika kwa mikono miwili nikamkuta amekaa mlangoni pa jikoni.

Aliliangalia jani, akaniangalia. Akalipokea, akaliweka magotini.

"Sema," akasema.

Nikamwambia yote. Msimamizi, insha, kompyuta, penseli, baraza la Majengo. Nikamwambia kwamba pale mkutanoni nilinyamaza kwa sababu ya mshahara. Nililia, nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

"Kwa hiyo uliandika siioni faida," akasema taratibu.

"Ulinikataza nisikuandike maskini, baba mkubwa. Sababu zilikuwa zimebaki mbili tu. Nilitaka kukulindia heshima."

Alilipapasa jani la isale. Mama mkubwa alikuwa ndani, nikasikia anaacha kusonga ugali.

"Ungeniandika maskini," akasema. "Ningekupiga, lakini ungeniandika. Maskini ningekuwa mimi peke yangu."

Kisha akasema amenisamehe, kama mila inavyodai, na nikajua kwamba amenisamehe kweli. Hilo halikurudisha hata kikombe cha maji.

Bondeni, mbali kidogo, pembe ikalia. Sikuelewa. Nikamuuliza kuna nini. Aliniambia ni siku ya mfongo. Bado huwa wanakwenda, yeye na wazee wengine wawili, kila mwaka, kuondoa udongo na majani kwenye mfereji mkavu, ili siku moja lango likifunguliwa maji yasikose njia. Alijiinua kwa mkongojo, akaingiza mkono nyuma ya mlango, akalitoa lile jembe. Nilimwambia kwamba hawezi kupanda, miguu yake haiko sawa. Alikubali kwamba hawezi kulibeba. Akanielekezea mpini.

"Chukua."

"Baba mkubwa, mimi ni mwanamke."

"Mwiko ulikuwa wa maji," akasema, akianza kutembea. "Maji hayapo."

Nikalipokea, nikamfuata.